Miiba ya Mama Mkuu

Jumanne ya kwanza ya Kwaresima, saa tisa alasiri, Nungunungu alifariki. Alikuwa mkuu wa watawa, na aliwakataza kumiliki chochote, hata sindano.

Sista Kicheche akachomoa mwiba mmoja mwilini mwake, uwe kumbukumbu.

"Kwani mimi sikumpenda, Sista?" akauliza Komba, akachomoa miwili.

Watawa wote wakapita, kila mmoja akichomoa wake, mwili ukabaki mtupu.

Mhanga, mchimba kaburi, akashangaa. "Huyu nani? Mama Mkuu alikuwa na miiba. Simziki mgeni kaburini mwake."

"Ni yeye!" akasema Kicheche. "Mimi nimechukua mmoja tu."

"Basi rudisheni, nimtambue."

Hakuna aliyerudisha. Wakamtazama tena marehemu, nao wakaingiwa na shaka.

Mhanga akapiga magoti. "Ee Mungu, mpokee huyu kwa amani. Wewe unamjua."