Kamba Kidevuni

Tunu alikuwa amevuta kamba ya upinde hadi kidevuni wakati mama yake alipokatiza uwanja wa shule, mbele ya shabaha. Alikuja kumtoa kwenye mchezo aliouita wa kuua watu.

"Usiachie," Mwalimu Shemboza alisema kwa sauti ya chini. "Rudisha."

Kurudisha kamba bila kufyatua mshale ndilo somo la kwanza alilowafundisha Tunu na wenzake, nao wakaliona la kitoto. Sasa vidole vya Tunu vililoa jasho. Mama, badala ya kukimbia, alisimama palepale akiukodolea macho mshale.

Tunu alipumua kama alivyozoeshwa. Kamba ikarudi, kidogo kidogo.

Mama alimfikia, akamshika mkono. Hakuvuta, wala hakuachia.