Kifuniko cha Mkebe wa Chumvi

Kila raia alikuwa amepandikizwa machoni lenzi zilizonyoosha herufi kabla hazijasomwa, na hakuna aliyeona tena neno lililokosewa. Bi Mwanakheri alimwonyesha bintiye kifuniko cha mbao cha mkebe wa chumvi.

“Ulichonga ‘chuvmi’ hapa ukiwa darasa la tatu, Tunu. Nikakuchapa, nikakuita mvivu. Kumbe herufi zilikuwa zinakuchanganya. Nilipaswa kukaa nawe tusome polepole.”

“Mbona ni ‘chumvi’, Mama?” Tunu alicheka. “Basi ulinichapa bure!”

“Nisamehe.”

“Nikusamehe nini? Kosa lenyewe liko wapi?”

Mama alifumba macho, akapapasa mbao. Kidole kilikutana na V kwanza, kisha M. Akauvuta mkono wa Tunu naye aguse, lakini Tunu hakufumba macho.

“Chumvi,” alisema.