Sahihi ya Mkuu wa Kaya

Kichwa cha Profesa kilikuwa kimeshazama kwenye tundu la dari ya jikoni, na miguu yake ilikuwa juu ya kigoda cha wenyewe, na viatu vyake vya tope.

"Shuka, mwanangu," mama mwenye nyumba alimwambia. "Huko hakuna kitu. Panya tu."

"Swali la kumi na nne, mama. Mahali pa juu pa kuhifadhia vitu, maji yasipofika. Lazima nione kwa macho yangu."

Profesa hakuwa profesa wa chochote. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, somo la majanga ya asili na namna ya kujiandaa nayo. Jina alijipachika mwenyewe, wenzake wakachoka kubisha. Siku nne nzima yeye na Karani, msichana aliyemwandikia majibu, walikuwa wakizunguka nyumba za bondeni, kando ya mto unaofurika kila mwaka, wakitafuta kaya moja tu iliyojiandaa. Mhadhiri alishawaambia: bila nyumba ya mfano, ripoti yenu ni malalamiko, na malalamiko hayapewi alama.

Na waliyoyakuta! Jamaa mmoja alisema mafuriko yakija atapanda juu ya meza. Meza yenyewe ina miguu mitatu. Mwingine alileta tochi ya dharura kwa mbwembwe, kumbe haina betri. Bibi mmoja alijibu kwamba Mungu anamjua.

"Mungu anamjua, ila fomu haimjui," Profesa alisema njiani, akicheka hadi kushika mbavu. "Sikio la kufa halisikii dawa!"

Sasa akachomoa kichwa darini, utando wa buibui umemjaa nyweleni, mkononi ana begi la mgongoni.

"Karani! Njoo uone maajabu!"

Mama, ambaye kazi yake ilikuwa ushonaji, alisimama na mkasi mkononi. Profesa alishalimwaga begi mezani. Ruhusa hakuomba, kuomba ruhusa ni kwa watu wasio na fomu.

Vyeti vya kuzaliwa, ndani ya mfuko wa plastiki. Kitambulisho. Simu ndogo, chaji imejaa. Ufunguo wa akiba. Biskuti. Karatasi yenye namba, juu yake imeandikwa "Dada". Hata tiketi ya basi ilikuwemo! Profesa akaweka tiki penye mpango wa usafiri, wala hakujisumbua kuisoma. Nguo zilikuwa za mama na za binti yake mdogo, aliyekuwa amelala chumbani.

"Nguo za mzee hazimo," Profesa alisema. "Nakata nusu alama."

"Yeye anajua kujiokoa."

"Na bandeji hii imeshatumika nusu. Vifaa vya huduma ya kwanza, mama, havitumiki kabla ya janga."

"Nilijikata na mkasi."

"Nusu nyingine. Alama tisa kati ya kumi! Mama, bonde zima mwenye akili ni wewe peke yako." Akavipiga picha vitu vyote pale mezani, kisha akalipiga na tundu la dari.

Mama akamshika Karani mkono, akaubana.

"Mwanangu, nakuomba. Andikeni mnachotaka, ila jina langu liacheni. Na hili begi msimwambie mtu. Niapieni."

Karani akaapa. Profesa naye akaapa, upesi upesi, kama mtu anayekubali masharti kwenye simu bila kuyasoma.

Nje, Karani alisita. "Mbona anaogopa vile?"

"Ni aibu tu. Hawa hawajazoea kusifiwa, ukiwasifu wanadhani unawasuta." Profesa akaigeuza fomu. Chini kabisa palikuwa na mstari mtupu: sahihi ya mkuu wa kaya. "Lo! Bila hii mhadhiri haipokei. Twende kwa mume."

"Lakini tumeapa."

"Tumeapa kutomwambia mtu. Mume ni mtu? Mume ni mwenye nyumba! Wewe andika, kufikiri niachie mimi."

Karani akamfuata. Alikuwa na uchungu, lakini alama zilikuwa zake pia.

Mume alikuwa fundi wa mageti, na karakana yake iko barabara ya juu. Geti la shule ni lake, la zahanati ni lake, na kila aliyepita alimsalimia. Alipowaona alizima mashine, akapangusa mabenchi mawili kwa kitambaa chake mwenyewe.

"Karibuni, wasomi wetu! Karibuni sana, wanangu."

Hatimaye mtu mstaarabu, Profesa alijisemea. Akamweleza yote: mafuriko, nyumba arobaini za wazembe, na katikati yao mke mmoja wa kujivunia. "Hongera, mzee. Lile begi la dharura sijapata kuliona mfano wake."

"Begi gani?" fundi aliuliza, bado anatabasamu.

Profesa akamfungulia picha. Na kwa kuwa utafiti bila ushahidi ni porojo, akamwonyesha na tundu la dari, akamweleza na kigoda cha kupandia.

Fundi akaikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza, akasimama kwenye tiketi.

"Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi," alisoma taratibu. "Mtu mzima mmoja, mtoto mmoja. Kwenda tu."

Akaomba kalamu. Akatia sahihi palipotakiwa, kwa mwandiko mzuri, kisha akavua glavu moja baada ya nyingine.

"Ahsante sana, kijana wangu," alisema. "Acha leo nifunge mapema."