Differentia ya Baba Mkwe

Wazee watatu walikuwa wameketi barazani, na Gibson hakuwa na shaka kwamba mmoja wao ndiye baba yake Persis. Hakuwahi kumwona hata kwa picha. Mtu mwingine angeuliza. Lakini Gibson alikuwa mwalimu wa mantiki katika chuo kimoja mjini Kisii, na mwalimu wa mantiki haulizi jambo analoweza kulikosea mwenyewe.

Mjomba wake Machogu alikuwa amejitolea kumtangulia hapa Ekerenyo awe mshenga wake, kama desturi ilivyo. Gibson alikataa kwa madaha. Posa ni hoja, alisema, na hoja alikuwa akizifundisha.

Sasa alisimama uani na kreti ya soda, akitafuta kile ambacho vitabu vyake huita kwa Kilatini differentia: ile sifa inayotenga kitu na vingine vyote vya jinsi yake. Wote walikuwa na mvi. Wote walikuwa na bakora. Wawili walikuwa wakinung'unikia bonasi ya majani chai.

"Kijana, wewe ni wa ukoo gani?" akauliza yule wa tatu, mwenye kofia.

Gibson nusura acheke kwa furaha. Nani huuliza ukoo wa mgeni hivyo, kama si mwenye binti? Akaweka kreti chini, akainama.

"Tata," akasema, kama Wakisii wamwitavyo baba, "nimekuja kwa ajili ya Persis."

Mzee akamtazama kwa utulivu. "Una shamba?"

"Chai kidogo, huko Ogembo."

"Na ng'ombe utaleta wangapi?"

"Sita."

"Huwezi kuongeza?"

"Tata, sitakudanganya. Nikipita sita, nitauza shamba."

Alijipongeza kimoyomoyo kwa unyofu huo. Mzee akainuka, akamshika bega.

"Umesema vizuri sana, mwanangu. Wacha niingie ndani."

Gibson akakaa kwenye kiti alichokiacha mzee. Alimpenda Persis mpaka usingizi ulikuwa umempaa, na sasa mambo yalikuwa yamenyooka. Vigelegele vilipolipuka ndani ya nyumba, akasimama, akafunga vifungo vya koti.

Persis akatokea upande wa jikoni, macho mekundu.

"Gibson, umemwambia nini yule mzee?"

"Baba yako? Nimemwambia kila kitu."

"Baba hajatoka ndani tangu asubuhi. Yule ni mshenga wa Sylvanus, na ametaja ng'ombe saba."