Mchanga wa Kwenye Buti

Kwa miaka kumi Demetria amechunguza chembe za miamba ya kale ya mchanga ili kujua zilikotoka. Asubuhi hiyo mama mmoja, jirani yake pale Bunju, alimletea buti za mumewe.

“Anasema siku binti yangu alipopotea alishinda ufukweni akimtafuta. Niangalizie tu, mwanangu.”

Kwenye hadubini, mchanga wa buti haukuwa na hata kipande cha kombe la baharini, ambalo mchanga wa ufukweni haulikosi. Chembe zilikuwa na ncha kali na kutu nyekundu, kama za mwamba ulio chini sana ardhini.

“Mama, kwenu kuna mtu kachimba shimo karibuni?”

Mama alishika ukingo wa meza.

“La choo. Mume wangu alilifunika kwa zege kesho yake baada ya binti kupotea.”