Gunia Chini ya Kinu

Asubuhi mahakama ilivunja ndoa ya Mize na kumwachia mtoto. Jioni alikuwa uani kwa marehemu mama yake, akitwanga kisamvu katika kinu kile kile cha utotoni.

Mara binti yake, Raya, akaja mbio na gunia lililokunjwa, akajaribu kulisukuma chini ya kinu.

"Baba asisikie," alinong'ona.

Kule walikotoka walitwanga hivyo siku zote. Kishindo kilimwamsha baba, naye akiamka hupiga.

Mize alilivuta gunia akalitupa pembeni. Alikumbuka walivyokuwa wakipokezana michi na mama yake hapa hapa, mpaka jirani yao, Bi Zena, apaze sauti: "Leo kisamvu hicho! Nibakizieni!"

"Baba hayupo hapa, mwanangu. Shika mchi."

Raya akatwanga kidogo, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa. Nyuma ya ukuta sauti ya kizee ikauliza, "Nani anatwanga huko? Mize, ni wewe?"

"Ni sisi, Bi Zena! Tumerudi!"

Raya alitazama mlango wa ua. Haukufunguka. Akaushika mchi kwa mikono miwili, akauinua juu ya kichwa chake.