Lijamu ya Hongzao

Mume wangu alimfunika farasi wake kwa koti langu, lile la pamba nililolishona mwenyewe, kisha akaanza kumfunga kwenye sleji ya kuvutia magogo juu ya theluji.

"Hongzao anatetemeka," alisema. "Wewe si una jiko?"

"Na yeye si ana mume?"

Akacheka. "Mama watoto, wivu hadi kwa farasi! Hebu lete lijamu."

Kila siku hicho chuma cha kinywani hulala chini ya blanketi langu, kisije kikamnata Hongzao ulimi kwa baridi. Safari hii nilikuwa nimekitundika nje. Nikampa hivyo hivyo.

Nilisahau kitu kimoja: mume wangu hukionja kwanza kwa ulimi wake, kupima baridi.

Ulimi ukanasa. Akabaki ameinama, mate yakimganda kidevuni, macho yakinitafuta. Nikakimbilia birika la maji ya uvuguvugu.

Niliporudi, Hongzao alikuwa ameshusha pua hadi mdomoni mwake, akimpulizia pumzi ya moto, polepole, mpaka chuma kikaachia.

Naye akamkumbatia Hongzao shingoni. Kisha akaliona birika mkononi mwangu.

"Maji hayo," alisema, damu ikimtoka ulimini, "mpe Hongzao anywe."